Nakala Moja Si Nakala

Wacha leo niseme kitu ambacho sijawahi kukisema hapa. Mimi, mtu anayekula kwa sababu ya video, ndiye niliyepoteza video za familia yetu.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, mamangu hakunigombeza sana. Alisema tu, "Sawa. Kama video ndiyo kazi, basi hizi za nyumbani utazitunza wewe." Nikakusanya zote: kanda mbili za VHS za harusi yao, ambazo fundi mmoja hapa Nakuru alizihamishia kwenye flashi, video za simu ya babangu, memori kadi za zamani. Na dakika kumi na moja za shosho akitaja majina ya ndugu zake wote tisa, hata wale waliokufa wakiwa wachanga.

Nikaweka kila kitu kwenye hadi diski moja ya TB 1. Halafu nikawaambia watu wafute kwenye simu zao, si mnajua vile simu hujaa. "Ziko salama kwangu," nikasema.

Siku moja mguu wangu ulinasa kwenye waya, diski ikaanguka ikiwa inafanya kazi. Ikaanza kulia tik, tik, tik. Ndani ya diski kama hiyo kuna sahani zinazozunguka kwa kasi, na kichwa cha kusomea kinachopita juu yake bila kuzigusa. Ikianguka hivyo, kichwa kinaweza kuikwaruza sahani, na ndiyo ilikuwa kwisha. Bei niliyotajiwa ya kujaribu kuziokoa ilizidi bei ya kamera yangu. Nikanyamaza miezi minne.

Shosho akafariki. Mama akapiga simu: "Leta ile video yake, tunaandika wasifu wa mazishi." Nikasema naitafuta. Lakini wapi!

Kilichotuokoa kidogo ni binamu aliyekuwa na dakika tatu kwenye WhatsApp. Sura ya shosho imefifia kwa sababu WhatsApp hubana video, lakini sauti ni yake. Katika dakika hizo anataja majina manne. Yale matano mengine hakuna mtu anayeyajua sai.

Tatizo letu ni kwamba tunachanganya kuhifadhi na kuwa na nakala. Ati "iko Google." Kwanza, ile nafasi ya bure ni GB 15, na Gmail, Drive na Photos zote zinagawana hiyo hiyo. Ile ofa ya kupakia picha na video bila kikomo iliisha Juni 2021. Kwa simu yangu, dakika moja ya 4K ni karibu MB 350, kwa hivyo GB 15 ni dakika arobaini na kitu. Hata harusi moja haitoshei. Pili, kama simu imeunganishwa na Google Photos, ukifuta video ndani ya programu hiyo, inafutwa kote. Hiyo si akiba, ni kioo tu.

Sasa nafuata kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na nyumbani. Diski moja iko kwangu, nyingine kwa shangazi, kwa sababu mwizi akiingia hubeba laptopu na diski kwa begi moja. Zile zisizoweza kurudiwa nazilipia nafasi kwenye wingu. Si zote jameni! Video kumi na nne za keki ile ile, chagua mbili. Faili napea jina lenye tarehe na mtu, si "VID" na namba ndefu. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, haitabanwa, na inakubali hadi GB 2. Na kila Desemba tukikutana, tunafungua diski zote mbili na kucheza video kadhaa, maana diski ikikaa kabatini haikuambii imekufa.

Mama hajawahi kuniuliza tena kuhusu ile video. Mwezi uliopita alinipa simu yake imejaa, akaniangalia, akasema, "Hamisha. Lakini usifute."

Sikufuta.