Gia ya kisigino au ya vidole? Chagua kabla hujapakia mzigo

Leo naweka kando ufuta na korosho, nizungumzie kinachovibeba: pikipiki, na hasa mguu wako wa kushoto.

Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa na pedeli ya gia ya vidole tu. Unakanyaga kushusha gia, unainua kwa mgongo wa kiatu kupandisha. Niliyonunua baadaye ina pedeli yenye ncha mbili, mbele ya vidole, nyuma ya kisigino. Kukanyaga nyuma ni sawa na kuinua mbele. Nikaona ni urahisi, sikujisumbua kujifunza.

Masika moja nilikuwa napanda kilima huku Matambarale, nimevaa gambuti, nyuma nimembeba mama mmoja mkulima na mfuko wake wa mbegu za mahindi. Nilipotaka kushusha gia, gurudumu likaingia shimoni, mguu ukaruka, kisigino kikatua kwenye ncha ya nyuma. Gia ikapanda badala ya kushuka. Injini ikazimika, tukarudi nyuma, tukaanguka. Mbegu zikamwagika topeni, na mama akaungua shavu la mguu kwenye bomba la moshi.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana shamba, hata jembe mtu huchagua mpini unaomfaa."

Mbegu nilimlipa. Kovu analo mpaka leo.

Nilichojifunza ni hiki:

Ukivaa viatu vya kufunga na njia yako ni ya mashimo au utelezi, tumia vidole kupandisha na kushusha. Mguu haubanduki pa kukanyagia.

Ukiendesha kwenye barabara nzuri, ukibadilisha gia mara nyingi, pandisha kwa kisigino, shusha kwa vidole. Mgongo wa kiatu hauchubuki wala vidole haviumi. Ila ukimaliza, rudisha mguu mahali pake. Usipumzishe kisigino juu ya pedeli.

Ukivaa gambuti, kaa juu ya pikipiki ikiwa imezimwa, upime. Kiatu kikikwama kati ya ncha mbili, mwambie fundi alegeze bolti, achomoe pedeli na kuisogeza jino moja. Ikishindikana, aweke ya ncha moja. Kandambili ziache nyumbani.

Ukiazima pikipiki, uliza kwanza gia zake zinaingiaje. Zipo ambazo zote hupanda kwa kukanyaga mbele.

Ukishachagua, zoea mtindo huo mmoja bila mzigo wala abiria, mpaka mguu uufanye bila kufikiri. Fanya hivyo sasa, kabla ya kuanza kupeleka ufuta ghalani. Gunia likimwagika hukusanywa. Mguu wa abiria ukiungua, kovu halifutiki.