Bukavu: gari wazi ya ndoa, ao gari ya kubeba familia?

Kijana mmoja, dereva wa taksi jijini Bukavu, anatafuta gari ndogo ya watu wanne yenye paa ya kufunguka. Amepata moja iliyokwisha tumika, Peugeot 206 CC. Wazo lake ni kuikodisha siku za ndoa, maharusi waonekane na watu wote barabarani.

Fundi aliyeiangalia anashauri kufungua na kufunga paa mara kadhaa kabla ya kulipa, tena kugusa zulia chini kama lina maji. Paa hiyo ni ya chuma na inaendeshwa kwa umeme. Ikikwama wazi majira ya mvua, ni hasara. Ikikunjwa, inaingia nyuma na kupunguza sana nafasi ya mizigo. Viti vya nyuma vinafaa watoto tu.

Mama yake, ambaye akiba yake ya kuuza unga wa muhogo imo katika pesa hizo, hakuuliza bei.

"Siku tulikimbia, godoro nililibeba kichwani. Mutoto wangu, humu litakaa wapi?"

Kijana ameomba muuzaji wiki moja. Kwa sasa anaangalia pia Toyota ndogo ya milango mitano. Haina sherehe, lakini viti vyake vya nyuma vinalazwa.