Mama aliyepeleka visu kwa jirani (sehemu ya 4)



Siku ya chanjo ya wiki 6 alikuja mzazi wa kwanza, mtoto kabebwa na mama mkwe. Mikono ya yule mama imechubuka, ina nyufa. Mkwe akacheka: "Nesi, huyu msafi mno, ananawa mpaka sabuni inaisha." Na mimi bila kufikiri nikamsifia, eti wenzake waige. Mpaka leo linaniuma.

Tulipobaki wenyewe akaninong'oneza. "Dada, nikishika kisu naona namchoma mwanangu. Visu vyote nimepeleka kwa jirani. Kumwogesha siwezi tena. Kwani mimi ni mchawi?"

Mwenzangu akasikia, akataka mtoto aondolewe palepale. Nikamwambia subiri kwanza. Nikamuuliza mama: unatamani kufanya hivyo? Akalia: "Bora nife mimi." Kuna sauti inayokuamuru? Hakuna.

Tukampeleka kliniki ya afya ya akili, daktari akasema ni OCD. Iko hivi. Wazo baya hujia wazazi wengi tu; mimi mwenyewe na wangu wa kwanza nilikuwa naogopa hata kushuka naye ngazi, naona nimemrusha. Kwangu lilipita. Kwa mwenye OCD linang'ang'ania, hofu inapanda, basi ananawa, anaficha, anauliza "mtoto yuko salama?" mara ishirini. Anatulia kidogo, halafu linarudi na nguvu zaidi. Kule kunawa ndiko kunakolilisha. Na linamtisha kwa sababu hataki kabisa litokee.

Ila mama anayesikia sauti, halali siku kadhaa, anaongea yasiyoeleweka au anasema mtoto ni shetani, huyo ni habari nyingine. Hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. Msichanganye, tafadhali.

Wetu alipewa sertraline, daktari akamruhusu aendelee kunyonyesha. Dawa hii inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, msikate tamaa mapema. Pia alifundishwa kuikabili hofu kidogo kidogo: amshike mtoto, wazo lije, asikimbilie bomba. Alisema hiyo ilikuwa ngumu kuliko uchungu wa kuzaa.

Wiki ya 14 alikuja kambeba mwenyewe mgongoni. Nikamuuliza habari za visu.

"Vimerudi, dada. Bado kimoja tu, kile kikubwa."