Likizo ya Clarkston: mtoto wa Nyarugusu na Kiingereza cha nne

Shule nyingi za jimbo la Georgia, Marekani, hufungwa mwishoni mwa Mei na kufunguliwa mapema Agosti. Katika Clarkston, mji mdogo ulio nje kidogo ya Atlanta, miezi hiyo ya joto kali huwaletea wazazi swali gumu: mtoto atakaa na nani, na Kiingereza alichookota darasani kitabaki?

Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya 14,000 hapa. Tangu miaka ya 1980 mji umepokea wakimbizi wa Vietnam, Bosnia, Somalia, Bhutan, Burma na Kongo, na kwenye foleni moja ya duka unaweza kusikia Kisomali, Kinepali na Kiswahili cha Uvira.

Wakongo wengi waliopelekwa Marekani walipitia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Huko watoto wao walifuata mtaala wa Kongo, yaani Kifaransa. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi anaweza kufika na Kibembe cha nyumbani, Kiswahili cha kambini na Kifaransa cha daftarini. Kiingereza ni lugha yake ya nne, na anatakiwa aisomee hesabu na sayansi mara moja.

Mara nyingi kuzungumza huja haraka, uwanjani na kwenye basi la shule. Kusoma ndiko kunakochelewa. Mtoto aliyezoea Kiswahili hutamka kila herufi anayoiona, kisha anakutana na though, through na tough, maneno yanayofanana machoni na kutofautiana kabisa mdomoni. Ship na sheep kwake ni neno moja. Hayo hayanyooki bila mtu wa kukaa naye na kumsikiliza akisoma, jambo ambalo darasa kubwa halina muda nalo.

Hapo ndipo masomo ya likizo yanapofaa. Asubuhi ni kusoma katika vikundi vidogo. Baadaye bustani, michoro, mpira, au safari ya Stone Mountain, jabali kubwa lililo jirani. Mzazi aliyezoea tuisheni za kwetu huuliza, sasa haya ndiyo masomo? Ndiyo. Mtoto aliyepanda jabali ana jambo la kusimulia, na anayetaka kusimulia hutafuta maneno. Mpira nao una historia hapa: mwaka 2004 Luma Mufleh, mzaliwa wa Jordan, alianzisha timu ya watoto wakimbizi ambayo baadaye ilizaa shule.

Kikwazo kikubwa huwa nyumbani. Wazazi wengi hufanya kazi katika viwanda vya kuku vilivyo mbali na huondoka kabla ya jua. Programu ikichukua wadogo pekee, dada mkubwa hupata nafuu. Ikikosa nafasi ya wadogo, yeye ndiye yaya, na likizo yake imekwisha. Pasipokuwa na basi la kuwachukua, wote hubaki ndani na televisheni.

Kuna kosa jingine, la nia njema: mama anaacha Kiswahili na kumsemesha mtoto Kiingereza cha kubabaisha ili "asichanganyikiwe". Walimu wanaoijua kazi hii humwambia asimulie, ahesabu na atanie kwa lugha anayoimudu, kwani mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja ana pa kuyaegemeza ya nyingine.

Mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa asili ya China huko San Francisco, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba shule haiwezi kumwacha asiyejua Kiingereza akae tu darasani. Lakini likizo hutegemea zaidi maktaba, makanisa, mashirika ya hiari na moyo wa shule husika. Nafasi huanza kujazwa kabla shule hazijafungwa. Tangazo mara nyingi huja kwa Kiingereza ndani ya begi, na anayeisomea familia ni mtoto huyohuyo. Mzazi anaweza kuomba shule imtafutie mkalimani. Wengi hawajui kama hilo linaombwa.