Vitabu Viwili Nilivyomsomea Mama

Kati ya vitabu vya Kiswahili nilivyopata kusoma, hunipendeza zaidi vile ambavyo mtu aeleza mambo yake au ya wazee wake. Sizibezi hadithi za kubuni. Nilipokuwa kijana nalikesha na Mashimo ya Mfalme Sulemani mpaka mafuta ya taa yakaisha, nikakemewa vikali kwa hasara ile. Lakini mtu aelezapo maisha yake, hata akijisifu, huacha mlango wazi mahali fulani pasipo kujua, na msomaji akachungulia ndani.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nalivirudia viwili, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1934. Mwandishi alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, naye aeleza habari za watu waliokamatwa bara, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa na manowari za Kiingereza na kushushwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Cha pili ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, tajiri wa pembe wa Unguja aliyefariki mwaka 1905. Aliyaandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, akayageuza kwa herufi za Kizungu.

Kwa utamu wa lugha, Tippu Tip amshinda mwenzake mbali sana. Maneno yake ni machache, hana haraka, wala hajuti. Pembe azitaja kwa frasila. Watu waliozibeba huwapita upesi. Pana mahali ambapo awahadaa watu wa Utetera kwamba yeye ni mjukuu wa mwanamke wa ukoo wa mtemi wao, aliyetekwa zamani. Mtemi mzee akasadiki, akamwachia nchi. Nalicheka sana nilipofika hapo, kisha nikaona haya. Maana mwanamke yule aliyetekwa, nani alimlilia?

Mbotela naye nina neno naye. Sifa za Waingereza zimejaa kitabuni mwake kupita kiasi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, ni kweli, na wao ndio waliomshurutisha Sultani Barghash. Lakini utumwa wenyewe haukukomeshwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907, na fidia ilipotolewa walilipwa mabwana. Mtumwa hakupewa hata pesa moja. Hata hivyo simlaumu sana. Mtu ambaye baba yake alikombolewa hupima shukrani kwa kibaba kingine, si kwa changu mimi niliyezaliwa huru.

Basi, mama yangu hakupata kwenda shule, na macho yake sasa yamefifia. Jumapili moja nalianza kumsomea kitabu cha Mbotela barazani. Alisikiliza kimya hata nikafika penye habari za watu kukamatwa, akaniambia, "Funga kwanza, mwanangu." Nikafunga. Ndipo aliponieleza neno ambalo kwa miaka yangu sitini sikupata kulisikia nyumbani mwetu: kwamba nyanya yake, ambaye yeye alimkuta akiwa ajuza, hakuibwa na Mwarabu wala mtu yeyote. Ilikuwa wakati wa njaa ya Mwakisenge, katika miaka ya 1880, na baba yake mzazi alimweka rehani kwa mahindi. Alikusudia kumkomboa mvua zikinyesha. Mvua zilinyesha, mzee hakurudi. Pengine alikufa njiani, pengine hakuwa na cha kukombolea. Bibi yule hakulijua hilo mpaka akaingia kaburini.

Nalimwuliza mama kwa nini hakutuambia. Akajibu, "Ningewaambia nini? Kwamba ninyi ni watoto wa mahindi?"

Tangu siku ile sivisomi vitabu vile kama nilivyokuwa nikivisoma. Katika kimoja mtesi ni mgeni na mwokozi ni mgeni. Katika cha pili mwenye kusema ndiye aliyefaidika. Habari ya baba aliyeshika mkono wa binti yake na kushuka naye hadi penye ghala sikuikuta katika kimoja wala kingine. Wala siwezi kumhukumu mzee yule. Watoto wengine walikuwako nyumbani, nao walikula yale mahindi. Mmoja wao huenda aliishi kwa ajili hiyo.

Mama hakutaka tuache kusoma, jambo lililonishangaza. Tulimaliza Mbotela, na sasa tumo katika Tippu Tip. Husema mtu huyu ni mwongo mwenye ulimi mtamu, na kila Jumapili huniuliza amefika wapi. Stanley alipotokea aliniamuru nimruke, kwa kuwa Wazungu, asema, wana vitabu vyao wenyewe. Lakini kila watajwapo wapagazi hunizuia kwa mkono, akauliza kama kuna jina la mtu.