Pampu ya Kununua

Mwanhuzi, Meatu

Mpwa wangu,

Umeniuliza pesa ya pamba ununulie pampu ipi ya baiskeli, ile ya kubeba au ile ya kusimama chini kama ya mafundi wa hapa mjini. Nunua ya kubeba, ila si kila ya kubeba inafaa.

Wewe unaleta maziwa kutoka Mwanjolo, madumu mawili ya lita 20. Hizo ni kilo 40 na ushee kwenye karia, na njia yote ni miiba. Yule Dunlop wa Belfast aliyetengeneza tairi la upepo hakuwaza migunga ya Meatu. Ukipata pancha katikati ya mbuga jua limeshapanda, pampu iliyobaki nyumbani itakusaidia nini? Maziwa hayangoji.

Sikatai, ya chini ina raha yake. Silinda yake ni nene: kipenyo kikiwa mara mbili, kila msukumo unaingiza upepo mara nne, lakini na nguvu inayotakiwa ni mara nne vilevile. Ndiyo maana ina pa kukanyaga, uilalie kwa uzito wa mwili. Ni chombo cha mtu anayekaa pahali pamoja. Unasema majirani watakuja kujaza upepo kwa malipo. Majirani zako nawafahamu: kuja watakuja, hela wataisahau.

Tena usivutwe na geji ya ile pampu ya chini. Baiskeli yako ni ya valvu ya kipira. Upepo unalazimika kukisukuma kipira ndipo upite, na ukishaingia haurudi kwenye pampu, kwa hiyo mshale hauonyeshi upepo ulio ndani ya tairi. Pakia madumu, kisha bonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. Likibonyea, ongeza.

Vile vipampu vifupi vya plastiki waachie watoto. Tairi la inchi 28 lenye mzigo litakutoa jasho mpaka mkono ufe ganzi. Tafuta ya chuma, ndefu, inayobanwa kwenye fremu. Nenda dukani na baiskeli yenyewe, maana mdomo wa pampu usipoikamata valvu yako umenunua bomba tu. Zipo zinazofaa valvu nene kama za pikipiki, na muuzaji mwenye haraka hatakwambia.

Kabla hujalipa, ziba tundu la pampu kwa kidole, sukuma mpini, kisha uachie. Mpini ukirudi wenyewe, washa ya ndani ya pampu ni nzima. Ukibaki pale pale, upepo unapita pembeni. Washa ya ngozi ikikauka usikimbilie kununua pampu nyingine: ifungue, ipake mafuta hata ya kupikia, itanue kingo kwa vidole, irudishe.

Pamoja na pampu beba solusheni, kipande cha tyubu kuukuu, msasa na kipira cha valvu cha akiba. Ukishaziba pancha, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima kabla ya kulirudisha. Mwiba huvunjika ikabaki ncha ambayo jicho haliioni, nawe utajaza upepo bure.

Ya chini tutaizungumza mwakani, baiskeli zikiwa mbili hapo kwako. Ukishanunua hii pita nayo kwangu. Nina ngozi ya ng'ombe iliyobaki, nikukatie washa ya akiba.

Mjomba wako