Vyombo vya Ajabu vya Ziwa Tanganyika



Sisi wa Ufipa wa juu tu watu wa jembe na ulezi. Maji mengi si yetu. Lakini kazi ya dini hututeremsha kila kiangazi toka Sumbawanga mpaka Kasanga, na huko twaingia mtumbwini kuwazuru wakatekumeni wa kando ya ziwa, hata Kala na Kirando. Siku nyingine upepo wa kusini hutuzuia, tukalala humo chomboni, tukisikiliza habari za vyombo vilivyopita katika maji hayo. Vingine ni vya ajabu kweli, maana vilifika kwa njia ya nchi kavu.

Mwaka 1885 wamisionari wa London Missionary Society walishusha ziwani Good News, merikebu ya moshi iliyoletwa vipande vipande kwa njia ya mto Zambezi na ziwa Nyasa, kisha kwa nguvu za wapagazi. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu, Waingereza walileta mashua mbili za injini toka Cape Town, zikakokotwa juu ya milima ya Kongo na maksai na mitambo ya moshi. Majina yake yalikuwa Mimi na Toutou. Na tarehe 26 Desemba mwaka ule ziliiteka Kingani, chombo cha Wadachi.

Lakini inayozipita zote ni Goetzen. Iliundwa Papenburg katika Udachi mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha yapata 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari, na Kigoma kwa gari la moshi. Huko ikaunganishwa, ikashushwa majini Februari 1915, urefu wake yapata mita 71. Tarehe 26 Julai 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi, isitwaliwe na adui. Walakini, kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaona mitambo ingali yafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba, ndilo jina la ziwa alilolisikia Livingstone katika pande hizi za kusini; ikachukua watu na mizigo miaka mingi sana.

Mbona twaandika haya katika gazeti la jamaa za Kikristu? Ni kwa sababu ya shauri lililotokea katika kijiji kimoja cha ziwani. Kijana mmoja, aliyebatizwa angali mchanga, alikwenda migodini. Aliporudi alikuwa mlevi, hasali, tena akaa na mwanamke pasipo ndoa. Wazee wakatuambia, "Mwalimu, futa jina lake. Aliyezama amezama." Mama yake alikuwapo, hakusema neno, aliangalia chini tu.

Tuliwajibu kwamba hatutalifuta. Tukamwuliza mama, "Alipokuwa mtoto, mlisali pamoja?" Akajibu, "Kila jioni, na Salamu Maria aliiongoza yeye." Basi tukawasimulia wazee habari za Goetzen, tukasema, "Mama huyu aliipaka mitambo mafuta."

Mzee mmoja akajibu, "Merikebu haina hiari, Mwalimu. Chuma hakikatai kuinuliwa, mtu hukataa." Neno lake ni kweli, wala hatulidharau. Ndiyo sababu kumwinua mtu kwataka saburi kupita ile ya mafundi, na majirani wasiomcheka kila apitapo. Na kama akizama mara ya pili, kazi huanza tena.

Hata sasa kijana yule hajarudi kwenye Sakramenti. Lakini safari iliyopita tulimwona siku ya Dominika, amesimama nje penye dirisha la kanisa. Na watu walipoanza Salamu Maria, midomo yake ilikuwa ikicheza.

Enyi wazazi, msiache sala ya jioni, hata watoto wakisinzia. Hamjui watakaa chini ya maji miaka mingapi. Nanyi walimu wenzetu, msiwe wepesi kuchukua kalamu na kufuta jina la mtu. Mwombeeni kijana wetu, na mama yake pia.